Wanaume Wanaosuka Nywele: Tuwahukumu kwa Mizani Ipi?

Ukiiacha barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi na kuanza kupanda milima ya Kilungu, katika kaunti ya Makueni, hukawii kuhisi baridi ikikupenya mbavuni. Huko juu ndiko uliko mji mdogo wa Nunguni, na mtu wa pwani afikaye pale na kanzu yake nyepesi hujuta kuliacha koti nyumbani. Jambo la kwanza limvutialo mgeni ni mashamba. Kila mteremko umepigwa matuta, mstari juu ya mstari, tangu bondeni hadi kileleni, kana kwamba mlima wenyewe umekaa kwa msusi na kusukwa.

Jambo la pili lililonivutia mimi lilikuwa kichwa cha kijana mmoja. Alikuwa ameinama akitengeneza pikipiki kando ya soko, na nywele zake zilikuwa zimesukwa mistari tisa iliyonyooka, kutoka kipajini hadi kisogoni. Nilipopita alinyanyua uso, akaiona kofia yangu, akafuta mkono wake wa grisi na kunisalimu: "Asalaam alaykum, ami. Shikamoo." Lafudhi yake ikanijulisha asili yake kabla hajaitaja. Alikuwa mtoto wa Mombasa, aliyefuata riziki bara.

Tulizungumza kwa muda. Nilimuuliza Ijumaa husali wapi, maana huko Waislamu ni wachache. Akanyamaza kidogo, kisha akanieleza. Alikuwa akiteremka kila Ijumaa hadi msikiti mmoja ulio njiani. Siku moja, safu zikipangwa, mzee mmoja alimshika bega mbele za watu, akamwambia atoke, kwani msikiti si mahali pa kuleta kichwa cha kike. Alitoka. "Ami," akaniambia, "mimi si kafiri. Nasali, nafunga. Lakini sitaki kutolewa tena mbele za watu kama mwizi." Tangu siku hiyo Ijumaa nne zilikuwa zimepita, naye adhuhuri husali chumbani kwake peke yake.

Ndugu msomaji, sote tuliokaa chuoni twajua uzito wa onyo lililotolewa kwa mwenye kuziacha Ijumaa tatu kwa kupuuza. Sasa niambie: huyu amepuuza yeye, au sisi ndio tuliompuuza? Na dhambi hiyo, ikiwa ni dhambi, itaandikwa katika daftari la nani? Swali hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nywele za kijana mmoja ni jambo dogo. Kumtoa mtu katika nyumba ya Mola wake si jambo dogo hata kidogo.

KIPILIPILI NA SINGA

Tuanze na nywele zenyewe. Lugha yetu tukufu ina majina mawili ambayo kila mtoto wa pwani huyajua kabla ya kujua kusoma: nywele za singa na nywele za kipilipili. Singa ni zile zilizonyooka na kulala, na husifiwa katika kila harusi. Kipilipili ni zile zilizojikunja na kushikamana vifundo vifundo kama punje za pilipili manga, na jina hilo mara nyingi hutolewa kwa kicheko. Tumewalea watoto wetu wakijua kwamba neno moja ni sifa na la pili ni tusi, ilhali aliyeziumba nywele zote mbili ni Mmoja. Wengi wa hao wanaocheka wana kipilipili chini ya kofia zao.

Nywele za kipilipili zina tabia yake. Unywele ulionyooka ni mviringo kama uzi, lakini huu wetu umebapa kidogo na hujizungusha kama msumari wa parafujo. Ngozi ya kichwa hutoa mafuta yake ya asili, na katika nywele za singa mafuta hayo huteremka bila kizuizi hadi nchani. Katika nywele zilizojikunja hayafiki, hukwama katika pindo la kwanza au la pili. Kwa hiyo nywele hizi hukauka upesi, na kila mahali zinapopinda ndipo zinapovunjika. Ukizipitisha kitana zikiwa kavu, utasikia mlio kama wa kijiti kikivunjwa, na utaona vipande vimejaa menoni mwa kitana. Watu husema nywele za Mwafrika hazikui. Si kweli. Hukua kila mwezi kama za wengine, ingawa kwa kasi ndogo kidogo, ila huvunjika nchani kwa kadiri ile ile zinavyoota shinani.

Hapo ndipo msuko unapoingia. Nywele zikisukwa, hazichanwi kila siku, hazisuguani na mto wala kofia, na mafuta utakayoyapaka hukaa. Kazi ya msuko, kabla ya urembo, ni hifadhi. Na hapa wale wakulima wa Ukambani wametufunza neno. Zamani milima yao ilikuwa ikichukuliwa na maji kila masika, udongo ukimomonyoka hadi majabali yakabaki wazi. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilidai kwamba dawa ni kuwapunguzia Wakamba mifugo kwa nguvu. Wakamba kwa maelfu walikwenda Nairobi kulalamika, na kiongozi wao, Muindi Mbingu, alihamishiwa Lamu kama mfungwa wa siasa, ambako watu wetu walimjua. Kilichokuja kuponya ardhi ile baadaye ni matuta ya "fanya juu": mtaro huchimbwa kukata mteremko, udongo ukatupwa upande wa juu, na tuta hilo likazuia maji na rutuba visiende zake. Vijana wa Kenya huita misuko yao "matuta". Neno moja, na maana ni moja: kushika kisichokuwa na mshiko.

Tena kuna jambo ambalo vinyozi walijua kabla ya madaktari. Mwanamume mwenye nywele zilizojikunja sana akinyolewa karibu mno na ngozi, unywele unapoota tena hujipinda na kurudi ndani ya ngozi. Ndipo yanapotoka yale mapele ya kisogoni na kidevuni, ambayo kwa wengine hugeuka makovu magumu yasiyoondoka. Na wembe au mashine isiyosafishwa huhamisha mapunye, na hata maradhi makubwa yanayopita kwa damu. Kwa kijana mwenye ngozi ya namna hiyo, kuacha nywele na kuzisuka si ukaidi. Huenda ikawa ndiyo tiba.

SI MTINDO WA JANA

Wapo wanaosema kwamba wanaume kusuka nywele ni ugonjwa ulioletwa na televisheni za Wamarekani. Ni kweli kwamba mwanzoni mwa miaka ya 2000 mchezaji wa mpira wa kikapu, Allen Iverson, aliionyesha dunia misuko yake ya mistari, na vijana wa Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam wakamfuata. Lakini kumwita yeye mwanzilishi ni kama kusema kwamba nazi ililetwa na duka la jumla.

Morani wa Kimaasai na wa Kisamburu walikuwa wakisuka nywele ndefu kabla ya gari-moshi kupita nchini mwao, na wapo wanaosuka hadi leo. Husukana wao kwa wao, wanaume kwa wanaume, nyuzi nyembamba nyembamba, kisha hupakwa mafuta na udongo mwekundu. Nywele hizo kwao ni alama ya ushujaa. Muda wa umorani ukiisha, katika sherehe ya eunoto, mama mzazi ndiye humnyoa mwanawe, na mashujaa wenye mikuki huonekana wakilia kama watoto. Waturkana nao, wanaume wao walikuwa wakizijenga nywele kwa udongo wa rangi na kuzipamba kwa manyoya ya mbuni. Hakuna aliyethubutu kumwambia mmoja wao kwamba amejifanya mwanamke.

Kisha wakaja wapiganaji wa msituni. Dedan Kimathi, aliyenyongwa na Waingereza tarehe 18 Februari 1957, picha yake ijulikanayo na kila mtoto wa Kenya ni ya mtu mwenye misokoto ya nywele. Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyefikia cheo cha Jemadari katika vita vile, aliziweka nywele zake za msituni kwa miaka karibu sabini. Zilinyolewa Aprili 2022, na aliyemnyoa ni Mama Ngina Kenyatta. Mwaka uliofuata, Septemba 2023, Muthoni akafariki. Nchi iliyosimama kwa heshima kuziangalia nywele zile zikikatwa ndiyo hiyo hiyo inayowafukuza watoto shuleni kwa nywele za aina hiyo.

Na sisi wa pwani? Waama, ada yetu ni nyingine. Mwungwana wa kiume alinyoa, akavaa kofia iliyoshonwa kwa mkono au akapiga kilemba, na kusuka kulikuwa kazi ya kina mama barazani, jioni, kitana na mafuta ya nazi vikiwa pembeni. Mtoto akinyolewa siku ya saba kwa akika, alikuwa ameanza safari ndefu pamoja na kinyozi. Ada hiyo ni nzuri, na mimi mwenyewe sijapata kuiacha. Lakini tusichanganye ada na sheria. Ada yasema: "sisi hatufanyi hivi." Sheria yasema: "haijuzu kufanya hivi." Kati ya maneno hayo mawili pana bahari, na wengi wetu tumeivuka bila chombo.

Isitoshe, kitenzi chenyewe, kusuka, hakikuwa cha wanawake pekee. Mvuvi wa kiume husuka madema yake kwa ufito, na baharia husokota kamba. Mkono wa mwanamume umesuka tangu zamani. Kilichotuudhi ni mahali uliposuka, basi.

DINI YASEMAJE?

Mimi si mufti, wala sijitii fatwa. Lakini vitabu tulivyosomeshwa bado vipo rafuni, na yaliyomo hayakufichwa.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, hakuwa mtu wa kunyoa kila wiki. Wapokezi wa hadithi wameeleza kwamba nywele zake zilifika mara nyingine ndewe za masikio, mara nyingine mabega. Na Ummu Hani, binti Abu Talib, amepokewa akieleza kwamba Mtume alipofika Makka alikuwa na misuko minne. Hadithi hiyo imo katika vitabu vya Tirmidhi, Abu Daud na Ibn Majah, na kila mwanafunzi aliyepitia Shamail ameipitia. Basi yule mzee wa msikitini, lau angeulizwa kama msuko wenyewe kwa mwanamume ni haramu, angejibu nini mbele ya habari ya Ummu Hani?

Haki yataka tuseme na upande wa pili. Wapo wanazuoni wasemao kwamba misuko ile ilikuwa ada ya wanaume wa Kiarabu wa zama zile, na kwamba katika nchi ambayo kusuka ni ada ya wanawake, mwanamume akisuka huingia katika katazo la kujifananisha na wanawake, ambalo ni katazo zito na sahihi. Hoja hii ni ya haki, wala haifai kupuuzwa. Lakini angalia msingi wake: ni ada ya mahali na ya wakati. Maadamu ni hivyo, twapaswa kuuliza kila mahali swali lake. Katika Kenya ya leo, ile mistari minyoofu aliyosuka fundi wa pikipiki, mtu akiiona kwa mbali hudhani ni mwanamke? La hasha. Ni mtindo wa kiume unaojulikana kwa jina na sura. Lakini kijana akisukwa mtindo wa bi harusi, akatiwa shanga na maua, hapo mzee ana haki ya kukunja uso.

Kuna makatazo mengine yaliyo wazi zaidi kuliko msuko wenyewe, nayo ndiyo yaliyosahauliwa na wakemeaji na wakemewaji pia.

La kwanza ni kuunga nywele. Laana iliyokuja juu ya mwenye kuunga na mwenye kuungwa ni mashuhuri. Vijana wengi, nywele zao zikiwa fupi, huongezewa nyuzi za bandia ziitwazo rasta. Wanazuoni wametofautiana kuhusu nyuzi zisizo nywele, ila mwenye kutaka usalama asuke zilizo zake, na akiwa na haraka, asubiri.

La pili ni kunyoa sehemu na kuacha sehemu, jambo lililokatazwa katika hadithi ya Ibn Umar. Mitindo mingi ya leo hunyoa mbavu za kichwa kipara na kuacha shungi juu. Ajabu ni kwamba kijana mwenye denge la namna hiyo huingia msikitini bila kuguswa, kwa kuwa kinyozi ndiye aliyemtengeneza na kinyozi ni wa kiume, ilhali aliyesuka hutolewa.

La tatu ni maji. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kupaka maji sehemu ya kichwa katika udhu kwatosha, na msuko hauzuii, mradi mkono uguse nywele za mtu mwenyewe na si uzi wa dukani. Lakini josho la janaba ni jingine. Maji lazima yafike kwenye ngozi na ndani ya nywele. Ikiwa msuko umekazwa hata maji hayapenyi, ni wajibu kuufungua, hata kama ulilipiwa jana. Kijana asiyekuwa tayari kwa hilo asisuke.

La nne ni msusi. Hapa ndipo hasa ningependa wazee wapeleke ukali wao. Vijana wengi husukwa na mabinti katika saluni, wakikaa kwa saa mbili au tatu, kichwa mikononi mwa mwanamke asiyekuwa maharimu wake. Juu ya hilo hakuna haja ya kutafuta hoja za mbali. Fundi wetu wa Nunguni nilimuuliza, akacheka: aliyemsuka ni kijana mwenzake, mwanamume, afanyaye kazi hiyo pembeni mwa kibanda cha kinyozi. Morani walijua siri hiyo kabla yetu.

Hata tukichukua kauli kali kuliko zote, ikawa msuko wake ni makosa, je, hukumu yake ni kutolewa safuni? Kitabu gani kimesema hivyo? Kumekuja makaripio kwa mtu anayesali hali nywele zake amezikusanya na kuzifunga kisogoni, na wanazuoni wakasema ni karaha, na sala yake ni sahihi. Ibn Abbas alipomwona mtu wa namna hiyo hakumfukuza. Alisimama nyuma yake akamfungulia nywele, na yule mtu alipomaliza sala akauliza sababu, akaelezwa. Huo ndio ukemeaji wa watu wenye elimu: mkono mpole kwanza, kisha maneno, na mtu akabaki msikitini.

MWENZAKO AKINYOLEWA

Sasa tutoke msikitini tuangalie nchi, kwani jambo hili haliishi katika sala.

Januari 2019 msichana wa kidato cha kwanza katika shule ya Olympic, Nairobi, alirudishwa nyumbani kwa sababu ya nywele zake za dredi. Familia yake ni ya Kirasta. Babake alikwenda mahakamani, na tarehe 13 Septemba 2019, Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamua kwamba Urasta ni dini inayolindwa na Katiba, na kwamba kumfukuza mtoto kwa nywele alizoziweka kwa imani yake ni kuvunja haki zake. Barazani kwetu habari hiyo ilipokewa kwa kicheko. "Ati warasta nao wana dini!"

Lakini Januari hiyo hiyo ya 2019, katika mji huo huo, Mahakama ya Juu ilikuwa na faili nyingine mezani. Ilihusu wasichana wa Kiislamu wa shule ya St. Paul Kiwanjani, Isiolo, na haki yao ya kuvaa hijabu. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ilikuwa imewapa haki hiyo, na sote tulishangilia. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi ule, kwa hoja za utaratibu wa jinsi madai yalivyowasilishwa, Jaji Ojwang peke yake akipinga. Siku ile hatukucheka.

Naam, ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji. Hoja iliyomrudisha yule mtoto wa Kirasta darasani ndiyo hoja ile ile ambayo mawakili wetu hutumia kwa ajili ya hijabu: kwamba sare ya shule haiwezi kuwa juu ya dhamiri ya mtu. Kifungu cha 27 cha Katiba ya mwaka 2010 kinakataza ubaguzi, na miongoni mwa mambo kinayoyataja, pamoja na dini na utamaduni, ni mavazi. Hatuwezi kukishika kifungu hicho kwa mkono wa kulia tukikitumia, na kwa mkono wa kushoto tukimpiga nacho mwingine.

Mwaka 2011 Dakta Willy Mutunga, mzaliwa wa Kitui, alipokuwa akihojiwa kwa cheo cha Jaji Mkuu, kilichosumbua watu kuliko elimu yake kilikuwa kipini alichovaa sikioni. Akasema wazi kwamba hatakivua, ikiwa ndiyo bei ya cheo. Cheo akakipata, akakitumikia hadi 2016, na kipini hakikuandika hukumu hata moja.

Ugomvi huu si wa Kenya pekee. Uingereza, mwaka 2011, Mahakama Kuu ya London iliamua kesi ya mvulana mwenye asili ya Kiafrika kutoka visiwa vya Karibi, aliyekataliwa na shule ya St Gregory's huko Harrow kwa kuwa amesuka mistari. Shule iliogopa kwamba misuko ni alama ya magenge. Mahakama ikasema kwamba kukataza bila kuruhusu udhuru wowote ni ubaguzi wa rangi kwa njia ya mzunguko, kwani kwa familia ile kusuka kulikuwa desturi ya ukoo. Marekani, jimbo la California lilitunga mwaka 2019 sheria ya kulinda nywele za asili, na majimbo mengine yakafuata, Texas ikiwamo. Lakini huko huko Texas, kijana Darryl George alizuiwa kuhudhuria darasa lake la kawaida kuanzia Agosti 2023 kwa urefu wa misokoto yake, na Februari 2024 jaji akasema shule haikuvunja sheria, kwani sheria imetaja mtindo, haikutaja urefu. Malawi, ambako serikali ya Banda ilipitisha mwaka 1973 sheria ya kuwakataza wanaume nywele ndefu, ndiko Mahakama Kuu ilikoamuru Mei 2023 kwamba watoto wa Kirasta wapokewe katika shule za umma.

Serikali zetu za Afrika zina historia ndefu ya kuingia vichwani mwa watu kwa mkasi. Tanzania ilikuwa na Operesheni Vijana iliyoanza Januari 1969, ikiwaandama wenye sketi fupi, nywele za bandia na suruali za kubana, kwa jina la utamaduni wa taifa. Nia huenda ilikuwa njema. Lakini kila mara mkasi ulipokwisha kazi yake, ilionekana kwamba waliokatwa walikuwa vijana na maskini, na kwamba utamaduni haukuongezeka kwa kimo cha unywele mmoja.

KWA WAZEE, WALIMU NA VIJANA

Kwa kijana anayetaka kusuka, nina maneno machache. Msuko wa hifadhi ukikazwa mno hugeuka msuko wa maangamizi. Ukiona ngozi ya kipaji imevutika na vipele vidogo vimetoka mstarini, mwambie msusi alegeze, kwani unywele ukivutwa kila siku shina lake hufa, na upara wa namna hiyo ukishakomaa hauna dawa. Usikae na msuko kwa miezi. Ufungue baada ya wiki chache, uoshe, upumzishe kichwa, ndipo usuke tena. Pakaa mafuta kwenye ngozi, na ya nazi yapo, usidharau cha nyumbani. Lala na kitambaa laini kichwani. Na josho lako usilifanyie mzaha.

Kwa walimu: tofautisheni uchafu na mtindo. Kichwa kichafu kioshwe, kiwe kimenyolewa au kimesukwa. Nidhamu inayopimwa kwa milimita za unywele huvunjika siku mtoto anapomaliza shule.

Na kwa wazee wenzangu wa misikitini, hasa ile midogo ya barabarani na ya bara, ambayo Muislamu msafiri huitegemea kama kisima: mnajua uchache wetu huko. Kijana anayeacha pikipiki adhuhuri, akanawa grisi mikononi, akapanda gari kuteremka mlima kuja kutafuta Ijumaa, huyo amekwisha kushinda vita ambavyo wengi wa watoto wetu wa mjini wameshindwa. Akija na jambo msilolipenda, mkalisheni baada ya sala. Muulizeni kwanza, kisha mweleze. Huenda mkamfunza jambo, na huenda mkafunzwa na nyinyi.

Nilipoagana na yule fundi nilimsimulia habari ya Ummu Hani na habari ya Ibn Abbas. Aliniomba nirudie, akarekodi kwa simu yake. Nikamwambia Ijumaa ijayo ateremke tena, na nikampa nambari ya maalim mmoja ninayemfahamu upande huo ampigie simu kabla. Akasema ataangalia. Sikumlazimisha. Namuandikia yeye, na wazee wake, beti hili:

Nywele hazina makosa, ziliumbwa na Jalali,
Zitunzwe inavyopasa, kwa maji na kwa halali,
Msimnyime fursa, kijana aje asali,
Mola apimacho hasa, ni moyo pia amali.